Hatubakizi Jiwe

9 Januari

Mwanangu Wakili,

Kwanza nikujulie hali. Ile picha uliyomtumia baba yako inaonyesha koti na shingo tu, mwili sijui umeuacha wapi. Kula, bwana. Huku sisi tupo. Baba yako magoti yamemgomea tena, anatembea nyumba nzima akishika kuta, na ukimletea fimbo anakutukana. Mama yako analalamika kwamba ameolewa na mbishi. Namwambia kwamba kaka yangu nilimjua kabla yake, alizaliwa hivyo hivyo. Dada yako amejifungua salama, msichana, mwenye sauti ya king'ora.

Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu simu yako imenishinda. Nikipiga uko kikaoni. Nikipiga tena mtandao unakatika, na hukatika hasa nikifika kwenye swali. Karatasi haina mtandao.

Sasa swali lenyewe. Redioni wamesema nchi yetu imeshtakiwa kwa sababu ya mawe yetu ya shaba. Kiwandani kila mtu ananiuliza mimi, maana wanajua mtoto wa kaka yangu yuko huko ng'ambo kwenye timu ya kututetea. Nimewajibu kwa madaha kaeni mkao wa kula, kijana wetu yuko kazini. Lakini kusema kweli sijaelewa kitu. Tumefanya nini? Unakumbuka malori yalivyokuwa yakipita mlangoni kwetu mchana kutwa, yamebeba mawe ghafi kwenda bandarini, na sisi tunabaki kufuta vumbi kwenye vyombo. Serikali ikapiga marufuku jiwe ghafi kutoka. Ikasema anayetaka shaba yetu aje anunue iliyoyeyushwa. Ndipo tanuri likajengwa hapa, na mimi niliyekuwa nachomelea mageti ya watu nikawa msimamizi wa zamu. Watu mia moja na arobaini wanaamka asubuhi wana pa kwenda. Kosa liko wapi hapo? Nieleze kama unavyomweleza mtu anayejua kuchomelea.

Nimekuwekea na picha ya zamu yangu. Tumesimama chini ya ubao tunaoandika kila mwezi zamu ipi imeyeyusha mawe mengi kuliko wenzake. Mwezi uliopita tumewagaragaza vibaya sana. Soma mwenyewe.

Shangazi yako


2 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika imekunjamana kona zote, lakini picha ni nzima. Nimefurahi mno kusikia habari za dada na mtoto. Mwambie baba atumie fimbo, mwambie ni agizo la wakili. Huku baridi haina adabu, navaa soksi mbili mbili, na dirisha langu la pekee linatazama ukuta wa ofisi nyingine ambayo nayo haina watu wanaocheka.

Swali lako ni zuri, nitalijibu kifundi. Kuna mkataba wa biashara ambao nchi nyingi zimetia saini, na yetu imo. Mkataba huo unasema nchi hairuhusiwi kukataza bidhaa yake isiuzwe nje. Nchi tatu zenye matanuri makubwa zimelalamika kwamba tumezinyima mawe. Lakini mkataba huo huo umeacha mwanya. Kama ni mali ya asili inayokwisha, nchi inaweza kuizuia isitoke kwa ajili ya kuihifadhi, ilimradi na watu wake wenyewe wapunguze kuitumia. Ndipo tulipoegemea. Tumeeleza kwamba shaba yetu inakwisha na tumeamua kuihifadhi.

Picha yenu nimeipenda kupita kiasi. Nimeiingiza kwenye jalada la utetezi, kiambatisho cha kumi na nne, ili waamuzi waone kwamba hapa tunazungumza juu ya watu na si takwimu tu. Wazo lilikuwa langu na mkuu wangu amelipitisha. Kwa hiyo umekuwa ushahidi, Shangazi, jitengeneze nywele!

Wako,
Wakili


20 Februari

Mwanangu,

Baba yako hajambo. Fimbo ameipokea baada ya kusikia ni agizo la wakili, sasa kazi yake ni kumtishia nayo jogoo wa jirani. Mtoto amepewa jina la mama yako. Salamu zimeishia hapo.

Hivi mmelogwa? Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili nikiwa nimekaa na mara moja nimesimama, na kila mara ilisema yale yale. Mmewaambia watu kwamba tunahifadhi mawe? Sisi? Pale ubaoni, juu ya kofia yangu, kumeandikwa kwa chokaa, herufi za urefu wa mkono wangu: TUMETAFUNA TANI 2,140. HATUBAKIZI JIWE. Najua kwa sababu niliandika mimi mwenyewe, nimepanda juu ya pipa. Halafu wewe unaichukua picha hiyo hiyo na kuwapelekea watu uliowaambia kwamba tumepunguza kula!

Mimi sikusoma sheria. Lakini mtu akija kwangu akasema amefunga, na midomo yake inang'aa mafuta, sihitaji shahada kumcheka. Na hao wenzako wote wenye tai, hakuna hata mmoja aliyesoma ubao? Au mlitazama sura zetu mkaona tu maskini wa Mungu wanaotabasamu?

Itoe hiyo picha. Na huo uongo wa kuhifadhi utoeni pia. Kwa nini msiseme ukweli, kwamba tumechoka kuuza mawe na tunataka kuyayeyusha wenyewe? Nani ataona aibu kwa hilo? Itoe picha, mwanangu, nakuomba na nakuamuru kwa pamoja. Nijibu upesi.

Shangazi yako


15 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizonga. Baridi imepungua. Nimenunua viatu, vile vya zamani vilikuwa vinaingiza maji. Ofisini wametuletea mashine mpya ya chai ambayo inatoa kitu chenye rangi ya chai. Baba anaendeleaje? Mtoto ameota meno?

Kuhusu lile suala, jalada lilikuwa limeshafungwa barua yako ilipofika, na kuna taratibu zake. Viambatisho viko zaidi ya mia mbili na wazoefu wanasema hakuna anayevisoma, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Na kuhusu kusema ukweli, mkataba hauna kifungu cha nchi inayotaka kuyeyusha mawe yake yenyewe. Nimetafuta.

Nasalimia wote.

Wakili


30 Mei

Mwanangu,

Tuko hai. Uliuliza meno ya mtoto wa miezi mitatu. Nilipofika hapo kwenye barua yako nikajua kuna kitu unakificha, maana wewe si mjinga, ulikuwa unajaza karatasi.

Juzi meneja ameniita ofisini kwake. Nikadhani ni yale mambo ya glavu, maana tumelalamika glavu zinaungua vidole. Nakuta mezani kuna hukumu yenu, nene, imebandikwa vikaratasi vya njano. Akanifungulia ukurasa wa sitini na moja. Nikajiona. Niko katikati, ngumi juu, meno yote nje, na juu yangu maandishi yangu mwenyewe. Chini yake wameandika kwamba picha iliyoletwa na mlalamikiwa mwenyewe inaonyesha matumizi ya ndani hayakupungua bali yameongezeka kwa fahari. Meneja alinisomea hayo maneno polepole, kisha akaniuliza kama nina la kusema. Nikatoka nje, dereva wa kreni akanipigia kelele kutoka juu, "Dada, umekuwa staa!" Nilimtukana tusi ambalo sijawahi kulitumia tangu niolewe.

Nilikwambia. Mwezi wa pili nilikwambia, kwa wino, itoe. Ukaninyamazia karibu miezi miwili, kisha ukaniandikia habari za viatu.

Serikali imefuta marufuku. Malori yameanza tena kupita getini kwetu kuelekea bandarini, madereva wanatupigia honi kama wanaotusalimu, na mwenye mgodi hatuletei tena hata kokoto. Uwanjani kwetu nimekagua marundo mwenyewe, nimepanda juu ya kila moja. Kuna mawe ya siku sitini na tano, tena kwa kuyavuta.

Sasa nisikilize kuhusu tanuri, usije ukasema hukujua. Tanuri hili halizimwi. Tangu lilipowashwa miaka mitatu iliyopita halijawahi kupoa hata saa moja. Ukilimwaga lote, bado chini tumboni hubaki shaba ya kimo cha goti isiyotoka. Ikiwa ya moto ni uji. Ikipoa inaganda, inashikana na matofali, na tanuri limekufa, ni la kuvunjwa. Na mawe yakiisha, kampuni haitawasha umeme kupasha tumbo tupu. Hizo siku sitini na tano ndizo uhai wetu wote hapa.

Nakuuliza na unijibu bila kunizungusha. Kuna njia nyingine ya halali ya kuyarudisha mawe? Ipo au haipo?

Shangazi yako


14 Juni

Shangazi, shikamoo.

Leo sina salamu nyingi. Nianze na la aibu.

Nilipokuandikia mwezi wa nne kwamba hakuna anayesoma viambatisho, walikuwa wameshavisoma. Kikao kilikuwa Machi. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, ilinifikia wiki mbili kabla. Ningeweza kuomba picha iondolewe, fomu ipo, ni ya ukurasa mmoja. Sikuomba, kwa sababu ningelazimika kumwambia mkuu kwamba wazo langu lilikuwa la kipumbavu. Nikajipa moyo haitaonekana.

Wakili wao ni mama mmoja mtaratibu, anaongea kama anayemsomea mtoto kitabu. Akaomba kiambatisho cha kumi na nne kiwekwe ukutani. Ukawa mkubwa kama mlango wa ghala, Shangazi. Akamwomba mkalimani asome ubao. Mkalimani akasoma, "Tumetafuna," akasita, akasoma tena, halafu akashindwa kujizuia, akacheka. Chumba kizima kikacheka. Mkuu wangu alikuwa anatazama kalamu yake. Mimi nilitaka kusimama niwaambie huyo mnayemcheka ni shangazi yangu, lakini nilikaa.

Siku ya pili nilipewa dakika tano. Niliziuliza nchi zile tatu, zilipokuwa zinajenga matanuri yao ya kwanza, ziliuza mawe yao ghafi kwa majirani? Nilikuwa na sheria zao za kale mkononi, zimekataza hata sufu na ngozi kutoka, na adhabu yake ilikuwa kukatwa mkono. Mwenyekiti akasema hayo yalitokea kabla ya mkataba na hayahusiki. Wamepanda juu kwa ngazi, wakaivuta, kisha wakaandika sheria kwamba kupanda ngazi ni uchokozi. Damu inanichemka mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyosema "hayahusiki" huku anafunika kalamu yake.

Sasa jibu la swali lako. Ipo. Mkataba unakataza kuzuia, haukatazi kutoza ushuru. Baadhi ya nchi ziliahidi kutotoza ushuru kwenye madini yanayotoka, yetu haikuahidi popote, nimepitia kila karatasi tuliyotia saini. Tukiweka ushuru mkubwa kwenye jiwe ghafi na tukaacha shaba iliyoyeyushwa itoke bure, mwenye mgodi atageuza malori mwenyewe. Kinachohitajika ni waraka kwa waziri. Nitauandika wiki hii. Nakuahidi.

Wako,
Wakili


11 Julai

Mwanangu,

Baba yako anakusalimu. Anasema umekuwa adimu.

"Wiki hii" yako imeshakuwa wiki ya nne. Nimepiga simu ofisini kwenu mara sita. Anapokea dada mmoja mwenye sauti ya sukari, ananiambia uko kikaoni. Mara ya sita nikamuuliza hicho kikao kina vitanda?

Tumeshusha kazi. Tulikuwa tunamimina shaba mara tatu kwa siku, sasa ni mara moja, ili mawe yavute siku. Watu wangu wananizunguka wakati wa chai wananiuliza vipi. Nimewaambia waraka umekwenda kwa waziri. Nimesema kwa mdomo wangu huu, mbele ya watu wazima wenye watoto, kwa sababu wewe uliniahidi. Usinifanye mwongo kazini kwangu.

Waraka uko wapi?

Shangazi yako


8 Agosti

Limekufa.

Ilikuwa tarehe tatu, mchana, saa nane na robo. Jiwe la mwisho tulikuwa tumelitia asubuhi, tukafagia uwanja kwa mifagio tukapata toroli mbili za changarawe, nazo tukazitia. Meneja alikuja na mtu wa umeme. Nilimsihi anipe siku kumi. Nilimshika mkono mbele ya watu, mimi, unanijua. Akasema makao makuu wamekataa, akageuza uso, mtu wa umeme akavuta swichi.

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Tulisimama tu. Likipoa linalia, matofali yanajikunja yanapiga ta, ta, ta, tulisikia hivyo siku mbili. Siku ya tatu nikavua glavu nikaweka kiganja ukutani mwake, mahali ambapo kwa miaka mitatu ungeweza kuacha ngozi. Palikuwa baridi. Dereva wa kreni alikaa chini akalia mbele ya kila mtu na hakuna aliyemtania.

Watu mia moja na ishirini na tisa wamepewa barua zao. Baba yako ameuliza kama ulipata kumwona waziri.


12 Agosti

Shangazi, shikamoo, shikamoo tena!

Tumeshinda! Najua umenikasirikia, lakini soma kwanza. Waziri amekubali, bunge limepitisha kwa hati ya dharura, na tarehe tisa sheria imetiwa saini. Ushuru wa jiwe ghafi ni mkubwa kiasi kwamba hakuna mwenye akili atakayesafirisha tena. Wale mawakili wa nchi tatu wametuma barua ya kuuliza maswali, nikawajibu kwa kurasa mbili, na kifungu chao wenyewe nikakiweka juu kabisa. Hawana pa kushika. Ningependa ungeuona uso wa yule mama mtaratibu.

Malori yataanza kugeuka wiki hii. Waambie watu wako. Mwambie baba. Na yule dereva wa kreni mwambie staa amerudi. Chukua chokaa, Shangazi, panda juu ya pipa!

Mpendwa wako,
Wakili


27 Agosti

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ya tarehe nane bila shaka umeshaipata, kwa hiyo unajua ulikuwa unamshangilia nani.

Mawe yamerudi, ni kweli. Uwanja umejaa mpaka nje ya geti, mwenye mgodi anatubembeleza tuyapokee. Tunayaweka mbele ya tanuri lililoganda. Kila asubuhi nayapita.

Meneja ana nakala ya waraka wako. Makao makuu wamemtumia ajue ushuru ulivyoanza. Ni waraka mzuri, mtu hawezi kukunyima hilo, umeandika mambo yaliyonyooka na hujaficha ubao wala picha. Lakini juu kuna tarehe. Ishirini na mbili Julai.

Mimi uliniandikia tarehe kumi na nne Juni ukasema wiki hii. Kutoka siku hiyo mpaka waraka ni siku thelathini na nane. Kutoka waraka mpaka sheria ni siku kumi na nane tu. Ungeandika ulipoahidi, sheria ingetoka mwanzoni mwa Julai, na uwanjani tungekuwa bado na mawe ya wiki nne. Sihitaji wakili wa kunipigia hesabu hiyo, nimewapigia watu wangu wote, mmoja mmoja, walipokuja kuchukua vitu vyao makabatini.

Nilidhani umekwamishwa. Nilikutetea! Niliwaambia mkuu wake ni mgumu, nikawaambia waziri alisafiri, nikabuni mpaka ugonjwa. Sasa usiniandikie juu ya mkataba, wala nchi tatu, wala baridi. Hao waliotunga sheria ya kutukaba nawajua ni watu wa namna gani na hawajawahi kuniita shangazi. Nakuuliza wewe. Siku thelathini na nane ulikuwa unafanya nini?

Shangazi yako


12 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara nikaanza na mkuu wangu, au na taratibu. Nimezichana zote.

Mkataba wangu wa kazi hapa ulikuwa unakwisha mwisho wa Julai. Wa kuuongeza ni mkuu. Waraka wa ushuru usingeeleweka bila kueleza kwanza kwa nini tulishindwa, na tulishindwa kwa sababu ya hoja iliyochaguliwa na yeye na picha iliyowekwa na mimi. Ningeupeleka mwezi wa sita angenirudisha nyumbani kesho yake. Kwa hiyo nikauandika wiki ile ile niliyokuahidi, ukawa tayari, nikauweka kwenye droo. Alinitilia saini mkataba tarehe ishirini Julai. Tarehe ishirini na mbili nikautoa kwenye droo nikaubadilisha tarehe.

Simu zako nilizisikia. Yule dada alikuwa ananitazama mimi wakati anakujibu.

Nilijiambia siku sitini na tano ni nyingi. Nilijiambia nyie mna mbinu zenu, mtayavuta mawe, na mlivuta kweli, lakini hata hivyo sikuharakisha. Nilikuwa na hasira na waamuzi, na nilidhani hasira hiyo inatosha kunifanya mtu mwema. Wamenipa ofisi yenye madirisha mawili.

Baba bado hajajua. Naomba usimwambie.

Wakili


1 Oktoba

Nimepokea.

Baba yako sijamwambia na sitamwambia. Hiyo ni kazi yako, utaifanya uso kwa uso, ukiwa umesimama mbele yake na fimbo yake ikiwa karibu.

Nimekaa na barua yako wiki nzima nikitafuta ni wapi niielekeze hasira, maana ni nyingi na inataka mahali. Nikiipeleka kwa wale waamuzi wako haifiki. Nikiipeleka kwa mkuu wako simjui sura. Inarudi kwako kila mara. Wewe ndiye niliyekubeba mgongoni nikienda kuchomelea, ukipiga chafya kwa moshi, na ukiniuliza kila chuma kinaitwaje. Ulikuwa unaelewa tanuri ni nini. Wale hawakuelewa, wewe ulielewa, na ukaliacha life kwenye droo.

Kampuni imesema hivi. Tumbo likisafishwa kabla ya mwaka kwisha wataleta matofali mapya na kuliwasha. Lisiposafishwa wanauza mabati na kuondoka. Tumebaki watu kumi na moja. Tunaingia ndani ya tanuri kwa ngazi na tunaivunja ile shaba kwa drili, kipande kwa kipande. Siku nzuri tunatoa cha ukubwa wa meza. Mikono inatetemeka mpaka jioni, kijiko cha chai kinagonga kikombe, na sikio langu la kulia silisikii tena vizuri. Watu kumi na moja hawatoshi, nimepima. Tunahitaji kumi na wawili.

Una likizo ya siku arobaini, uliniambia mwaka jana kwa majivuno. Nimekuandikisha kwenye orodha. Zamu ya asubuhi, drili ya nne, upande wa kushoto, karibu yangu, ili usipate mtu wa kupiga naye soga. Utalala kwa baba yako. Watu wangu wanajua unakuja na wanajua kwa nini, nimewaeleza yote, pamoja na droo. Wapo watakaokutukana na mimi sitawazuia. Sijakusamehe, na usije na maelezo, huko ndani kuna kelele, hatutayasikia.

Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili na dakika tano geti linafungwa, na ufunguo ninao mimi.

Msimamizi wa zamu